Jina nililiwahi mimi, sasa naitwa mwizi

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 33 na naendesha saiba hapa Kondele, Kisumu. Napiga chapa, nawajazia watu fomu za eCitizen, na wafanyabiashara wadogo nawaundia tovuti. Mwaka 2018 niligundua kwamba majina mengi mazuri ya Kiswahili ya tovuti, yanayoishia na .co.ke, yalikuwa hayajachukuliwa na mtu. Nikasajili 15 kwa mpigo, yote maneno ya kawaida ya sokoni. Kila moja nalilipia shilingi 1,200 kwa mwaka, na kila Juni ada zikifika hujinyima ndipo zitoke. Mawili nimeshayauza, moja kwa 25,000 na jingine kwa 40,000. Walionunua waliridhika, nami nikaridhika.

Kati ya hayo 15 kuna moja lenye maneno mawili: jina la samaki na neno la kumsifia ubora wake. Silitaji hapa. Mwaka 2021 kikundi cha akina mama wa ufuo mmoja wa ziwa kilianza kukausha omena (dagaa) na kuipakia kwenye pakiti, kikajiita kwa maneno hayohayo mawili. Naamini hawakujua habari za jina langu, nami sikujua habari za kikundi chao. Leo pakiti zao zinauzwa Kibuye, Kakamega mpaka Eldoret, jina limechapishwa juu kwa herufi kubwa za bluu.

Machi 2025 mwenyekiti wao alinipigia simu kuuliza kama nauza. Namba yangu alipewa na mama yangu mdogo, ambaye ndiye mweka hazina wa kikundi. Nikamwambia nitafikiria. Usiku uleule niliingia mtandaoni, nikaona .com ya jina hilo iko wazi, na .ke pia iko wazi. Nikazilipia zote mbili. Kesho yake nikamtumia bei: shilingi 250,000 kwa majina yote matatu. Wakajibu kwamba wana 20,000. Nikakataa.

Tangu hapo mambo yameharibika. Wiki iliyopita nimepata barua ya wakili wao inayonipa siku 14 niyaachilie majina, la sivyo nitashtakiwa kwa kifungu cha 28 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni, faini au jela miaka miwili. Wakati huohuo kuna mfanyabiashara wa Nairobi, naye anauza samaki wa pakiti, ambaye ameahidi kunipa 300,000 taslimu. Kwenye ile .co.ke nimeweka ukurasa wa bure unaosema jina linauzwa, wenye matangazo yanayojibadilisha yenyewe. Unaniletea visenti tu.

Mimi naamini soko huria. Jirani yetu alinunua ploti Mamboleo zamani kwa bei ya kutupa, akaiacha na nyasi miaka yote. Juzi ameiuza kwa mamilioni na wazee wanamsifu kwa kuona mbali. Mimi nimefanya kosa gani ambalo yeye hakulifanya? Aliyewahi amewahi.

Lakini mama mdogo ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la sita. Aliuza samaki nikasoma. Kwenye matanga ya mjomba kule Seme alinipita kama hanioni. Simu zangu hapokei. Nadhani ananiona nimemgeukia kwa sababu ya pesa.

Je, mimi ni mwizi? Nipigane, nimuuzie yule wa Nairobi, au niwape bure ili nyumba itulie?

Njia Panda, Kisumu

*

Ndugu yangu Njia Panda,

Pole. Umebeba mambo mawili mazito kwa wakati mmoja, barua ya wakili na kimya cha mama, na kila moja linakufanya ulione jingine vibaya zaidi. Tuyatenganishe kwanza, kisha tutayarudisha pamoja, maana nadhani yanakutana mahali ambapo hujapaangalia.

Unauliza swali moja juu ya majina matatu kana kwamba yalizaliwa siku moja. Hayakuzaliwa siku moja. La .co.ke ulilisajili 2018, miaka mitatu kabla kikundi hakijakuwapo. La .com na la .ke uliyasajili Machi 2025, saa chache baada ya mwenyekiti kukata simu. Mtu yeyote atakayeliamua jambo hili, awe hakimu, msuluhishi au mzee wa ukoo, ataanza na tarehe hizo.

Kuhusu lile la kwanza, imani yako ya soko ina msingi, na sitaki uione kama aibu. Utaratibu wa kumpa jina aliyeliomba kwanza umewekwa makusudi. Kama kungekuwa na ofisa wa kuamua nani anastahili jina gani, pale mlangoni pangekuwa na foleni na bahasha. Na uliyabeba majina yale kwa hatari yako mwenyewe: kwa hili moja tu umelipa shilingi 1,200 mara saba, yaani 8,400, na mengine 12 bado hayajapata mnunuzi. Mwenye kushika neno la kawaida na kuliuza kwa anayelihitaji ana kazi halali. Mwaka 2000 mwanamuziki Sting alimlalamikia Mmarekani aliyekuwa na sting.com mbele ya wasuluhishi wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO). Alishindwa. Sababu moja kubwa ni kwamba neno lile lipo katika kamusi ya Kiingereza, na mtu anaweza kulitaka bila kumfikiria yeye.

Sasa turudi Mamboleo. Jirani yako alinunua kabla bei haijapanda, bila kujua nani atakuja. Wewe ulifanya hivyo 2018. Lakini ile .com, jiulize: siku moja kabla ya simu, ilikuwa wazi, kila mtu angeweza kuipata kwa bei ya kawaida, na wewe mwenyewe hukuitaka kwa miaka saba. Nini kiliipa thamani usiku ule? Ni kama mtu aliyesikia jirani anatafuta kununua kichochoro cha kufikia lango lake, akaenda kukinunua kabla hapajakucha. Je, hiyo bado ni biashara ya kuona mbali? Swali hilo nakuachia, maana wewe ndiye uliyekuwa mbele ya ile kompyuta na unajua ulichokuwa unafikiria.

Tena ploti ina hatimiliki. Jina la mtandaoni halina. Ni kweli kwamba mwaka 2003 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya sex.com, ilikubali kwamba jina la mtandaoni ni mali inayoweza kuibwa. Lakini ulipobonyeza kitufe cha kukubali masharti, ulikubali pia kwamba ukilalamikiwa, jina litaamuliwa kwa kanuni za migogoro. Umiliki wako ni wa kulipia mwaka hadi mwaka, na una masharti.

Kwa .com, kanuni hizo ni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandaoni duniani, zilizopitishwa 1999. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu yote: kwamba ana alama ya biashara na jina lako linafanana nayo kiasi cha kuchanganya watu, kwamba wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Moja likikosekana, ameshindwa. Miongoni mwa dalili za nia mbaya zilizoandikwa ni hii: kusajili hasa kwa lengo la kumuuzia mwenye alama, au mshindani wake, kwa bei inayozidi gharama ulizotumia moja kwa moja. Soma tena sentensi hiyo huku ukikumbuka ile bei ya 250,000 uliyoituma kesho yake, na ile ahadi ya Nairobi. Mwaka 1998 mahakama ya Marekani ilimkataa bwana Dennis Toeppen, aliyekuwa amesajili panavision.com, akaweka humo picha za mji mdogo uitwao Pana, kisha akaidai kampuni ya Panavision dola 13,000. Picha zile hazikumsaidia.

Upande wa akina mama nao si imara kama barua ya wakili inavyoufanya uonekane. Kusajili jina la biashara hakuwapi alama ya biashara; alama husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya miliki za viwandani, hudumu miaka 10 na huhuishwa, na kabla haijasajiliwa hutangazwa ili mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 60. Jina linalomtaja samaki na kumsifu ni gumu kusajilika, kwa kuwa kila muuza samaki ana haki ya kumsifu samaki wake. Wanaweza kutegemea matumizi: pakiti, risiti, maduka, wateja wanaolijua jina kuwa ni lao. Hilo linawezekana, ila linahitaji ushahidi. Na kulalamika WIPO kwa msuluhishi mmoja kunagharimu dola 1,500, kabla ya wakili. Hiyo ni omena nyingi sana. Wakishinda hawalipwi fidia. Hupewa jina tu, au linafutwa. Kwa .co.ke na .ke, KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke, ina utaratibu wake wa usuluhishi hapahapa nchini.

Kifungu cha 28 cha sheria ile ya uhalifu wa mtandaoni, ya 2018, kipo kweli, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kinamgusa anayechukua au kutumia kwa makusudi jina linalomilikiwa au kutumiwa na mwingine mtandaoni, bila ruhusa wala haki. Angalia maneno "au kutumia". Kusajili kwako .co.ke mwaka 2018 kunakusaidia sana kwenye kuchukua; kwenye kutumia, ule ukurasa wako wa matangazo unaweza kukugeuka. Ufungue sasa hivi kwa simu ya mtu mwingine uone unaonyesha nini. Ukikuta tangazo la muuza samaki mwingine, usitegemee kusema yanajibadilisha yenyewe: mwenye jina ndiye anayewajibika kwa kinachoonekana humo. Kuuondoa hakufuti yaliyopita, ila kunazuia madhara yasiendelee, na visenti hivyo havistahili hatari hii.

Basi njia zako.

Kupigana. Kwa .co.ke pekee una hoja. Kwa hayo mawili mengine hoja zako ni nyembamba, na ukiyatetea yote pamoja, mawili yatalichafua la kwanza. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona kubwa kuliko zote: atakayeamua ataiona ile Machi kwanza, kisha aisome 2018 kwa jicho hilo. Kushinda nako kuna bei. Bwana Uzi Nissan wa Marekani alikuwa na nissan.com kwa sababu Nissan ni jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ilimshtaki 1999, akabaki na jina, lakini kesi ilikula miaka mingi ya maisha yake.

Kumuuzia wa Nairobi. Shilingi 300,000 ni nyingi, najua. Lakini sasa umeshaarifiwa kwa maandishi. Kumhamishia mshindani jina baada ya barua ya wakili kunakaribia kabisa lile lililoandikwa kwenye kanuni. Malalamiko yakiwasilishwa, kampuni ya usajili hufunga jina lisihame. Ukiwa umeshapokea pesa na jina limefungwa, utadaiwa na pande mbili. Uliza pia kama anataka kulitumia au kulizika.

Kutenganisha. Unaweza kuwaachia .com na .ke kwa gharama yake tu, ukiambatanisha risiti, halafu mkazungumza bei ya .co.ke peke yake kama wauzaji na wanunuzi. Kati ya 20,000 zao na ulizozitaja wewe kuna nafasi, na ukishayaondoa hayo mawili mezani bei yako itasikika tofauti. Hatari yake ni kwamba huenda wakachukua mawili na kuondoka, kwa kuwa .com na .ke zinawatosha. Je, utalikubali hilo?

Kukodisha. Tuseme 2,500 kwa mwezi kwa miezi 24, kisha jina liwe lao. Kwa kikundi kinachopata pesa kwa msimu, jumla ya 60,000 inayolipwa kidogokidogo inabebeka. Lakini muda wote huo jina liko kwako: Juni moja ukikosa ada au ukiugua, baruapepe zao zote zinazimika. Mkataba useme nani analipa ada ya kila mwaka, na nani anashika nywila usipopatikana.

Kuwapa bure. Ni njia njema ukiwa na moyo mweupe. Ila jiulize kama unatoa au unanunua msamaha, kwa sababu kilichotolewa kwa uchungu hukumbushwa kwenye kila sherehe. Na tafadhali, usichague njia ya sita ambayo wengi huichagua kimyakimya: kuliacha jina life. Jina la .com likiisha, baada ya muda wa kuhuisha hukaa siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu mashine za wawindaji hulinyakua sekunde ileile. Mtakosa wewe na wao.

Njia yoyote utakayoipendelea, wakili ajibiwe, kwa maandishi, ndani ya siku zake 14. Siku hizo amezipanga yeye, sheria haizitaji, lakini kimya husomwa vibaya. Usijibu kwa WhatsApp, usitaje tena bei kwa hasira. Tafuta wakili wa kuipitia barua yako hata kwa saa moja, na kama ni pendekezo la maelewano, aandike juu kwamba halikiri kosa wala haliathiri haki za upande wowote. Mahakamani maneno hayo yana uzito. Mbele ya wasuluhishi wa .com hayataficha bei utakayoitaja.

Mkikubaliana, kazi ya kukabidhi ina mitego yake. Jina lisajiliwe kwa kikundi chenyewe na baruapepe ya ofisi yao, wala si kwa mama mdogo au kijana wa mtu, ili wasiangukie shimo lilelile. Kama wanaweza kufungua akaunti kwenye kampuni ileile unayoitumia, lisukume humohumo. Ni kazi ya dakika. Wakitaka kampuni nyingine, utafungua kufuli na kuwapa msimbo wa kuhamisha, na kwa .com kumbuka kwamba siku 60 za mwanzo baada ya kusajili huwa haihami. Kama tayari kuna tovuti au baruapepe kwenye jina, nakili kabla rekodi zote za DNS (zinazoelekeza jina kwenye tovuti na baruapepe), hasa zile za MX, ambazo ni za baruapepe, na ushushe TTL, yaani muda ambao rekodi hukumbukwa mtandaoni, hadi sekunde 300 siku mbili mapema. Baruapepe zinazopotea wakati wa kuhama huwa ni kwa sababu hakuna aliyenakili MX. Pesa zikae kwa wakili mpaka kikundi kione jina lake kwenye rekodi za usajili.

Na hapo kwenye pesa ndipo mambo yako mawili yanapokutana. Unadhani mama mdogo ana hasira kwa sababu umempendelea shilingi kuliko yeye. Inawezekana. Lakini fikiria alivyoonekana mbele ya wenzake. Yeye ndiye aliyetoa namba yako. Usiku uleule majina mawili yakachukuliwa. Yeye ndiye anayejua kilichomo kwenye akaunti ya kikundi, na wewe ni mtoto aliyemlea. Kuna mwanakikundi hata mmoja ambaye hakujiuliza kama ni yeye aliyekudokeza? Huenda hapokei simu zako kwa sababu kila simu yako ni ushahidi dhidi yake.

Ikiwa ndivyo, hata kuwapa bure kimyakimya kupitia kwake kutamwumiza, na kulipwa kwa hundi aliyoitia sahihi kutamwumiza zaidi. Barua yako kwa wakili inaweza kusema wazi kwamba uamuzi wa usiku ule ulikuwa wako peke yako. Inaweza pia kuomba kwamba mweka hazina asishiriki kikao cha bei wala asitie sahihi malipo, na hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kwake wewe usiende na ofa yoyote. Nenda kama mtoto wake, mchana, mahali wenzake wanapoweza kukuona ukiingia na ukitoka, ukamwulize kitu ambacho ni yeye tu anayeweza kukujibu: baada ya ile simu ya Machi, walimwambia nini?